Ualimu si kimbilio: maneno kwa wanafunzi wanaochukua diploma mbili

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa vyuo, Lubumbashi)



Mlituita tuseme juu ya haki za vijana. Tungeweza kusema juu ya maji, umeme, barabara. Leo tumechagua kitu kimoja ambacho wengi wenu mnakipita kila mwaka kwenye ubao wa matangazo ya fakulte bila kusimama: agregasio. Ile diploma ya ualimu ambayo mwanafunzi anaweza kuichukua pamoja na lisansi yake. Kemia na ualimu. Historia na ualimu. Ekonomia na ualimu. Diploma mbili, mtu mmoja.

Tunajua neno "ualimu" likitajwa hapa, wengine wanaanza kucheka. Katika mji huu kijana akisema anasoma ualimu, wanamuuliza: "Ulikosa fasi ingine?" Akisema anasoma jiolojia, hata kama hana franga ya taksibisi, wanamwita "enjenieri". Mji wetu ulizaliwa na shaba, na bado tunapima mtu kwa umbali wake na mine. Sisi hatukuja kuwaambia muache mine. Tumekuja kusema neno moja fupi: wengi wetu tutasimama mbele ya watoto, tupende tusipende. Basi tusimame tukiwa tumejifunza kazi. Na tukishajifunza, tukatae kwa pamoja kuifanya bila malipo.

Hizo njo sehemu mbili za maneno yetu. Moja bila nyingine haiendi.

Tuangalie tulipo

Kila mmoja wenu afikiri juu ya yaya wake, binamu yake au jirani yake aliyemaliza lisansi miaka mitatu au mine iliyopita. Yuko wapi leo? Mmoja alipata kazi kwenye kampuni. Mwingine anauza unite za simu na kungoja jibu la dosie yake. Na mwingine anafundisha kwenye shule ya sekondari ya Katuba, ya Ruashi, ya Kampemba. Alisoma ekonomia, anafundisha hesabu. Alisoma sheria, anafundisha sivike na Kifaransa. Hakupanga kuwa mwalimu. Alisema: "Ni kwa miezi michache tu, nangoja kazi." Mwaka umepita. Na mwingine tena.

Sasa huyu ndugu yetu anafanya nini mbele ya kilasi? Anafanya vile alivyofanyiwa chuoni. Anasoma silabusi, watoto wanaandika. Mtoto akiuliza swali, anajibu: "Andika kwanza, utaelewa mbele." Si kwamba ni mtu mbaya. Anajua somo lake, lakini hakuna aliyemwonyesha namna ya kulifikisha kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye alikuja bila kula, aliyebanana na wenzake wanne kwenye benchi ya watu wawili.

Anayelipa bei ni huyo mtoto. Anafika mwaka wa mwisho wa humanite, anaingia kwenye Egzameni ya Leta, na kila kitu ambacho hakuna mtu aliyemweleza vizuri kinamrudia siku hiyo moja. Mama yake aliuza unga sokoni Kenya miaka sita kwa ajili ya siku hiyo. Njo maana tunasema: mwalimu asiyejifunza kufundisha, hata akiwa na lisansi nzuri, ni jambo la raia wote. Haliko jambo lake peke yake.

Agregasio ni nini hasa

Katika nchi yetu mtu anayetaka kufundisha sekondari anaweza kupita milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ISP, vyuo vile vilivyojengwa kwa ajili ya ualimu. Pale mwanafunzi anasoma somo lake na namna ya kulifundisha tangu mwanzo. Anatoka na diploma moja iliyobeba vyote viwili: biolojia na ualimu, Kiingereza na ualimu.

Mlango wa pili ni ule wa chuo kikuu. Hapo unasoma somo lako, na ualimu unauongeza pembeni. Katika mfumo wa zamani, ule wa miaka mitatu ya graduwa na miwili ya lisansi, wanafunzi waliandikishwa kwa agregasio wakiwa kwenye miaka ya lisansi. Wakifaulu pande zote mbili walitoka wakiitwa lisansie na pia agreje wa mafundisho ya sekondari.

Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 nchi imeingia kwenye mfumo wa LMD. Lisansi sasa ni miaka mitatu, kredi 60 kila mwaka, jumla 180, kisha masta yenye kredi 120. Kwa hiyo usifuate kila kitu yaya wako aliyemaliza zamani atakachokuambia. Nenda wewe mwenyewe kwenye sekretariati ya fakulte yako na uulize maswali matano: Je, fakulte yangu inatoa mafunzo ya ualimu? Yanaanza mwaka gani? Yana kozi na kredi ngapi? Staji iko lini na wapi? Ni franga ngapi, na zinalipwa kwenye benki gani? Andika majibu. Andika tarehe na ofisi iliyokujibu. Siku watakapobadilisha bei katikati ya mwaka, utakuwa na karatasi mkononi.

Ndani ya mafunzo hayo kuna nini? Kuna saikolojia ya mtoto na kijana. Kuna pedagojia na didaktiki ya jumla, yaani namna ya kupanga mafundisho yoyote. Kuna didaktiki ya somo lako mwenyewe, sababu kufundisha jiografia hakufanani na kufundisha aljebra. Kuna sheria za shule: nani anaajiri, nani anakagua, mwalimu ana haki gani na anakatazwa nini. Halafu kuna staji. Kwanza unakaa nyuma ya kilasi na kuangalia. Kisha unafundisha, na mwalimu wa kilasi anakaa nyuma akikuangalia. Mwishoni unatoa somo mbele ya wale watakaokupa alama.

Muulize yeyote aliyepita pale. Atakuambia kwamba alisahau kozi nyingi za chuo, lakini dakika zake za kwanza mbele ya kilasi hajazisahau.

Juu ya nini tuifanye pamoja, tusingoje baadaye

Wengine wanasema: "Tumalize kwanza lisansi. Tukikosa kazi, tutarudi kuchukua ualimu." Hesabu hiyo inaonekana nzuri, lakini ina shimo.

Kwanza, kurudi kuna bei. Leo unalala kwa mjomba, unakula na wenzako kule Kasapa, familia imekubali kwamba uko mwanafunzi. Ukimaliza, familia inahesabu vingine. Wadogo zako wanangoja zamu yao. Ukisema "Nataka kurudi masomoni mwaka mmoja," watakuangalia kama mtu anayekimbia maisha.

Pili, ualimu unafanya somo lako lenyewe liingie vizuri. Hili halisemwi vya kutosha. Mwanafunzi wa kemia anajua kuandika fomula ya chumvi. Lakini mtoto wa mwaka wa saba akimuuliza: "Mwalimu, juu ya nini chumvi inapotea ndani ya maji na mchanga haupotei?", fomula peke yake haimsaidii. Anarudi kwenye daftari zake, anatafuta, na mara ya kwanza anaelewa kitu alichopatia alama 14 kwa kukariri. Tumeona wenzetu waliochukua agregasio wakipanda katika kozi zao za kawaida. Si muujiza. Ukilazimika kumweleza mtoto jambo, huwezi tena kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Tatu, diploma ya pili haifungi mlango wa kwanza. Enjenieri aliyejifunza kufundisha ataweza kuwaeleza wafanyakazi wa mine hatari ya shimo kwa maneno wanayoyasikia. Mtu wa sheria ataweza kuketi na akina mama sokoni na kuwaeleza ushuru gani uko wa halali na upi hauko. Daktari wa mifugo ataweza kusema na wafugaji. Nchi yetu haina ukosefu wa watu wanaojua. Ina ukosefu wa watu wanaoweza kumfanya mwingine ajue.

Lakini tusiwadanganye. Kuchukua vyote viwili ni nzito. Saa za kozi zinagongana: kazi za laboratwari zinapangwa siku ile ile ya somo lako la staji. Safari ya kutoka kampus hadi shule ya staji ni franga ya kwenda na kurudi kila siku. Unahitaji shati safi na viatu ambavyo watoto hawatavicheka. Fishi za masomo zinaandikwa usiku, mara nyingi chini ya taa ya simu sababu umeme umekatika. Kama mwaka huu una kozi nyingi za kurudilia, ngoja. Hakuna haya kungoja mwaka mmoja. Haya ni kuchukua diploma mbili na kuziharibu zote.

Na usiende peke yako. Mjikusanye watano au sita wa masomo tofauti. Siku ya posho mchukue salle moja tupu, kila mmoja atoe somo la dakika ishirini, wengine wawe wanafunzi wagumu: yule anayeuliza sana, yule anayelala, yule asiyesikia Kifaransa vizuri. Mtacheka, na mtajifunza. Mkopeshane vitabu, na mpange njia moja ya kwenda staji ili mgawane bei ya safari.

Fishi ya somo ni shule ya uraia

Tuwaonyeshe kitu kimoja ndani ya ualimu ambacho sisi katika harakati tunakitumia kila siku.

Kabla ya kuingia kilasini mwalimu anaandika fishi ya preparasio. Kwenye fishi kuna hatua: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu ya watoto, kutangaza somo la leo, kulichambua pamoja nao, kufanya muhtasari, kisha zoezi la kupima. Lakini juu kabisa, kabla ya hatua zote, kuna mstari unaoitwa lengo. Na lengo lina sheria yake. Hauruhusiwi kuandika: "Mtoto atajua sehemu ya mia." Kujua hakuonekani. Unapaswa kuandika: "Mwishoni mwa somo, kila mwanafunzi ataweza kuhesabu sehemu ya mia ya bei tatu, bila msaada, kwa dakika kumi." Nani? Atafanya nini? Kwa namna gani? Kwa kipimo gani?

Sasa chukueni sheria hiyo na muitumie kwa ahadi za wakubwa. "Tutaboresha maisha ya walimu." Hiyo si lengo, ni wimbo. Mwalimu wa staji angeandika hivyo, angepewa sifuri. Lengo lingesema: walimu wangapi, wa mashule gani, wataingia kwenye listi ya malipo, kabla ya mwezi gani, na nani atakayetuonyesha listi hiyo. Kijana aliyejifunza kuandika fishi hawezi tena kudanganywa kwa maneno matamu. Ataomba kuona zoezi la kupima.

Na sheria hiyo inatupima sisi vilevile. Tukifanya mkutano wa raia, tujiulize: mtu aliyekuja ataondoka akiweza kufanya nini ambacho asubuhi hakuweza? Kama jibu ni "ataondoka amesisimuka", tumefanya kelele.

"Lakini mwalimu halipwi"

Tunafika kwenye swali ambalo mlikuwa nalo mdomoni tangu mwanzo. Ni swali la haki, na hatutalikwepa.

Tukumbuke kidogo tulipotoka. Mwaka wa 1960, nchi hii ilipopata uhuru, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika hata thelathini. Mwaka uliofuata, 1961, kule Leopoldville ilifunguliwa shule kubwa ya kutengeneza walimu wa sekondari, ile iliyozaa chuo cha ualimu tunachokiita leo UPN. Walimu waliletwa hata kutoka Haiti kuja kushika kilasi zilizokuwa tupu. Wakati ule mwalimu alikuwa mtu. Babu zetu wanatuambia: alikuwa na baiskeli, alikuwa na nyumba, watu walimwamkia kwanza.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka wa 1974 Leta ilichukua mashule ya makanisa; mwaka wa 1977 ikayarudisha kwa mkataba, na mpaka leo mashule mengi ya Leta yanaongozwa na makanisa. Katika miaka ya 1980 Leta ikakata franga za elimu. Mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara ukawa kama hakuna, walimu wakagoma, mashule yakafungwa. Wazazi wakaona mwaka wa watoto unapotea, wakakubali kumlipa mwalimu wenyewe. Walisema ni kwa muda mfupi. Hiyo njo ile "prime" mnayoijua. Muda mfupi ukawa kizazi kizima.

Hapa kwetu Katanga kulikuwa na kidonda kingine. Gécamines ilikuwa na mashule yake na iliwasomesha watoto wa wafanyakazi wake. Kampuni ilipoanguka, na zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wakaondolewa tangu 2003 kwa jina la "kuondoka kwa hiari", familia nyingi zilipoteza mshahara na shule mara moja. Wengi wenu hapa ni watoto na wajukuu wao.

Katiba ya 2006, artikle ya 43, inasema mafundisho ya msingi ni lazima, na ni bure katika mashule ya Leta. Mwaka wa shule 2019–2020 njo Leta ilianza kuitumia kweli. Watoto wengi walirudi shuleni, na tulifurahi. Lakini prime ya wazazi ilipotoka katika shule ya msingi, mshahara wa Leta haukuingia mahali pake kwa kila mwalimu. Wako walimu wanaoitwa "wasiolipwa", na wale wanaoitwa "vitengo vipya": wanafundisha, wana dosie, hawako kwenye listi ya malipo. Na mwanzo wa mwaka 2024–2025 mashule mengi ya Leta yalibaki kimya sababu walimu waligoma wakidai mshahara unaofaa.

Kwa hiyo ndiyo, ni kweli. Mwalimu wa Kongo analipwa vibaya au halipwi. Lakini tuulize: je, tukikimbia sisi wote tuliosoma, hali hiyo itabadilika? Leta inapenda sana mwalimu asiye na diploma ya kazi yake. Mtu huyo hana nguvu ya kudai. Ukimwambia "Kama hutaki, toka, wengine wanangoja mlangoni," ananyamaza, sababu anajua kwamba yeyote angeweza kuchukua nafasi yake. Mwalimu mwenye diploma zote mbili, anayejua sheria za shule, anayejua dosie yake inapita wapi, ni vigumu kumnyamazisha. Walimu elfu wa namna hiyo ni vigumu zaidi.

Njo maana tulisema sehemu mbili zinaenda pamoja. Kujifunza kazi bila kudai malipo ni utumwa wenye adabu. Kudai malipo bila kujua kazi kunawapa wakubwa sababu ya kutucheka.

Tunachodai

Kwa vyuo, tunadai mambo manne. Bei ya mafunzo ya ualimu ibandikwe mlangoni tangu mwanzo wa mwaka, na kila franga iwe na risiti. Ratiba zipangwe ili mwanafunzi asilazimike kuchagua kati ya laboratwari na staji. Staji iwe ya kweli: anayepaswa kuja kutuangalia aje, asisaini karatasi akiwa kwake. Na alama ziwe za kazi iliyofanywa. Alama ya kununuliwa, kwa franga au kwa mwili, ni wizi mara mbili: inamwibia mwanafunzi leo, na kesho inawaibia watoto wote watakaokaa mbele yake.

Kwa wale wanaosimamia mashule, ya Leta na ya makanisa: nafasi ya mwalimu itangazwe. Mtu aajiriwe kwa dosie, si kwa sababu ni shemeji wa mkubwa. Aliyejifunza ualimu apite mbele.

Kwa Leta: kila mwalimu anayefanya kazi awe na matrikile na alipwe, tangu mwezi wa kwanza aliofundisha. Listi za wasiolipwa ziwekwe wazi, shule kwa shule, ili wazazi na walimu wazihakikishe. Na anayekubali kwenda Mitwaba, Pweto au Kasenga, mbali na mji, apewe nyumba na nyongeza, sababu watoto wa kule ni Wakongomani kama wa hapa.

Tunachojidai sisi wenyewe

Hatuwezi kunyoosha kidole kwa wakubwa na kuficha mkono mwingine. Wanafunzi wenzetu, tusinunue fishi zilizoandikwa na mwaka uliopita. Tusimpe mtu franga ili atutie alama ya somo ambalo hatukulitoa. Akiiomba, tuende wengi kwa pamoja, tuandike barua, tuseme wazi.

Na kuna hili, tulisikie vizuri, hasa vijana wanaume. Siku unapoingia kilasini kwa staji, hata kama una miaka ishirini na miwili, wewe ni mwalimu. Msichana aliyeketi mbele yako ni mwanafunzi wako. Si rafiki, si nafasi, si zawadi ya staji. Anayechezea hapo hana tofauti na yule profesa tunayemlaani chuoni. Harakati yetu haitamtetea.

Tena tusimpige mtoto kwa sababu somo letu halikueleweka. Kilasi ikishindwa, rudi kwanza kwenye fishi yako.

Tuanze juma hili

Hatutaki muondoke hapa mmesisimuka tu. Tuandike lengo letu kama lilivyoandikwa kwenye fishi.

Kabla ya juma kuisha, kila mmoja aliye mwaka wa kwanza au wa pili aende sekretariati na yale maswali matano, alete majibu kwenye grupu ya fakulte yake. Tutayaweka pamoja tuone fakulte ipi inasema nini, na wapi bei moja ina majibu mawili.

Kabla ya mwezi kuisha, wale walio kwenye staji watengeneze vikundi vya watu watano au sita, na kila kikundi kifanye somo lake la kwanza la mazoezi siku ya posho.

Na kabla ya muhula kuisha, kila mmoja amtafute mwalimu mmoja wa mtaa wake na kumuuliza: "Mwalimu, uko na matrikile? Unalipwa tangu lini?" Si kwa kumchungulia. Ni kwa kujua tunasimama upande wa nani, na ni wangapi.

Wandugu na wadada, mlango wa kilasi uko wazi, na watoto wameketi tayari. Mtu fulani ataingia kesho saa moja na nusu asubuhi. Tunataka awe mtu aliyejiandaa, anayelipwa, na asiyeogopa kusema. Huyo mtu anaweza kuwa wewe.